Mkeka wa Msibani

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita hapa Tanga, mbele ya wasukaji, washonaji, maseremala na vijana wanaoanza kazi za mikono. Nayaweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu mliokuwa safarini, mliokuwa mnauguza na mliokosa nauli.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliotoka Pangani na Muheza alfajiri, shikamooni. Wadogo zangu, wanangu, hamjambo?

Kabla sijaendelea, naomba tufumbe macho. Nyote, hata wewe kaka uliyesimama mlangoni. Sasa kila mtu ajijibu kimoyomoyo. Mlango wa nyumba unayolala una mbao ngapi? Kitasa chake kiko mkono gani? Kanga aliyojifunga mama yako asubuhi ya leo, pindo lake lina nini? Mkeka uliotandikwa barazani kwenu una rangi ngapi?

Fumbueni. Aliyeyajibu yote manne anyooshe mkono. Naona mikono miwili. Mikono miwili, na ukumbi umejaa hivi! Na humu ndani kuna maseremala wanaotengeneza milango. Kuna dada zangu wanaouza kanga. Kuna wasukaji wa mikeka.

Nimeombwa nizungumze juu ya mahali fundi anapopata ilhamu. Kila wiki naulizwa: "Shangazi, mawazo mapya unayatoa wapi?" Wanaoniuliza wanadhani kuna soko mahali fulani, kuna kitabu, kuna mtu wa kumwona. Jibu langu ni moja, nalo mmeshaliona hapa mlipofumba macho. Ilhamu ipo, tena imejaa tele. Tunaikosa kwa sababu tumeizoea. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na kwa fundi taabu ya mazoea ni kwamba kitu kiko mbele ya macho yako na hukioni.

Nimekuja na mkeka huu. Tuutandike hapa mbele, niwasimulie habari yake.

Mwaka 2014 nilikuwa nasuka mikoba ya ukindu, yale majani ya mkindu, na kuipeleka Dar es Salaam. Usiku, watoto wakilala, naingia kwenye simu, natazama mikoba ya watu wa nchi za mbali. Nikiupenda naihifadhi picha yake. Nilikuwa na picha zaidi ya mia tatu. Asubuhi naloweka ukindu, nachana, naiga. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, kazi ilikuwa safi, sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nikapeleka mikoba kumi na miwili kwa mwenye duka mmoja. Akaushika wa kwanza, akaupindua, akapitisha kidole kwenye mshono. Akaniambia kwa upole: "Dada, kazi yako nzuri. Lakini huu mkoba nimeshauona." Akachukua miwili. Kumi nilirudi nayo, nimeipakata kwenye basi kutoka Dar es Salaam mpaka hapa.

Wiki hiyo hiyo akafariki bibi yetu, mama wa mama, kule Pangani. Mnajua msiba wa kwetu ulivyo. Wanawake ndani, mikeka imetandikwa ukuta kwa ukuta, mnakaa siku tatu. Simu umeiweka mbali kwa heshima ya marehemu. Mazungumzo ni ya chini chini. Macho hayana pa kwenda, yanashuka. Na mimi nilikuwa nimekalia mkeka huu huu, alioushona marehemu kwa mikono yake.

Siku ya kwanza niliona mkeka, basi. Mkeka wa bibi, niliulalia utotoni, naujua. Siku ya pili nikaanza kuhesabu kili moja moja, yaani zile kamba bapa za ukindu zinazosukwa kisha kushonwa pamoja ziwe mkeka. Siku ya tatu ndipo nikaona. Sogeeni mnaoweza kusogea. Mkeka wote ni zambarau na kijani, si ndiyo? Sasa fuateni kidole changu. Ukili wa tano kutoka kushoto, hapa, zambarau inakatika. Chane zinakuwa nyeupe, ukindu mtupu usiopikwa rangi, kwa urefu wa mkono mmoja. Kisha zambarau inarudi, lakini si ile ya kwanza, imepauka kidogo. Ukiusimamia mkeka kwa mbali, ni kama mtu amefungua dirisha kwenye ukuta.

Miaka yangu yote nilikuwa nimelilalia dirisha lile na sikuwahi kuliona.

Nikamuuliza mama mkubwa, "Hapa bibi alifanya makusudi?" Akatabasamu, na yeye alikuwa hajatabasamu siku tatu zile. Akasema: "Rangi ilimwishia, mwanangu. Mvua zilikuwa zimekata njia ya sokoni, na mkeka ulikuwa wa harusi ya mama yako. Harusi haingoji rangi." Bibi hakuacha kusuka. Aliendelea na alichokuwa nacho mkononi, na njia ilipofunguka akapika rangi nyingine.

Niliporudi nyumbani nilisuka mkoba mmoja wa bluu iliyokolea, na katikati ya ukili nikaikata rangi nikatia chane nyeupe. Mkoba wa pili nikaikata mahali pengine. Wa tatu pengine. Kila mkoba na dirisha lake. Nikampelekea yule yule mwenye duka. Safari hii hakuupindua. Aliniuliza, "Huu umeutoa wapi?" Nikamwambia umetoka msibani. Mpaka leo, jamaa zangu, mkoba ule ndio unaolisha nyumba yangu, ndio uliosomesha wanangu wawili.

Sasa nawauliza. Zile picha mia tatu zilikuwa mbaya? Hazikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba kila moja niliitazama kwa muda wa kupepesa jicho. Mkeka niliutazama siku tatu. Nani humu amewahi kutazama kitu kimoja siku tatu? Siku moja? Nusu saa? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na akishainama akae huko chini kidogo.

Naona kijana kule nyuma ameinua mkono, na nadhani najua anataka kuuliza nini. Shangazi anatukataza kutazama vya wageni? Hapana, mwanangu. Pwani hii ingekataa vya wageni, leo mama zetu wasingekuwa na kanga.

Tuiangalie kanga, maana ni darasa kubwa. Kabla haijaitwa kanga, wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso, vile vitambaa vya mkononi, na neno leso lenyewe tumelitoa kwa Wareno. Leso zilikuja kwenye gora, zimeshikana, hazijakatwa. Wanawake wakawa wanachukua sita, wanashona tatu juu na tatu chini, wanapata nguo moja pana ya kujifunga. Hakuna mwenye kiwanda aliyewafundisha. Wafanyabiashara ndio waliowafuata wao, wakaanza kuagiza nguo nzima iliyochapwa hivyo. Mombasa, tangu mwaka 1887, ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, ambao wengi tunaujua kwa jina la Abdulla, umekuwa ukiuza kanga, na kanga zake zinaandikwa "Mali ya Abdulla". Lakini wa kwanza kubuni walikuwa wale wanawake na sindano zao, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Halafu kuna korosho. Nani hajui korosho ya kwenye kanga? Lile tone lililopinda shingo. Umbo lile asili yake Uajemi na India, na wenyewe huko wana majina yao na maana zao. Lilipofika huku, mwanamke wa pwani alilitazama akasema: hii korosho. Sasa angalieni vizuri. Mkorosho wenyewe si mti wa asili ya huku, Wareno waliuleta kutoka Brazili. Kwa hiyo umbo ni la Uajemi, tunda ni la Brazili, na nguo ilisafirishwa kwa meli ikiwa imechapwa ng'ambo. Lakini nani leo atathubutu kusema korosho ya kanga si yetu? Imekuwaje ikawa yetu?

Aliipa jina. Na mtu hawezi kukipa kitu jina kama hajakitazama. Picha zangu mia tatu hazikuwa na majina. Nilikuwa nasema "ule wa kahawia", "ule wenye mpini mrefu". Sikuwa nimeziona.

Kwa hiyo nawapa sharti moja, na mimi nalifuata kila siku. Ukipenda kitu cha mgeni, kabla hujakiiga, kipe jina kwa lugha ya nyumbani kwenu. Kwa Kiswahili, Kisambaa, Kibondei, Kidigo, yoyote ile. Kaa nacho mpaka ujue kinafanana na nini hapa kwetu. Kinafanana na mgongo wa kasa? Na nyayo za kunguru kwenye mchanga? Na mkate wa kumimina ukiwa umejaa vitundu? Ukipata jina, chora ulichokitaja na uiache picha. Chora mgongo wa kasa. Jina likikataa kuja, kiache, wakati wake bado.

Wakamba wa Wamunyu, kule Kenya, wana historia ya namna hii. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge alikuja Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona Wazaramo wanavyochonga, akarudi kwao na ujuzi ule. Hakubaki kuchonga vya Wazaramo. Uchongaji ukaenea Wamunyu, na leo vinyago vya Wakamba vinajulikana kuwa vya Wakamba. Huko ndiko kuazima kwa adabu: unachukua mbegu, unaipanda kwenye udongo wako, unangoja ioteshe jani lake yenyewe.

Sasa nije kwenye malighafi. Hili linanigusa kwa sababu ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi Tanga hii. "Shangazi, vifaa hatuna."

Wadogo zangu, tunaishi wapi? Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, alipanda miche ya mkonge upande huu wa Pangani. Miche iliyobaki hai ilikuwa 62. Sitini na miwili tu, na kutokana na hiyo yakaja mashamba yote tunayoyapita kwa basi mpaka tumeacha kuyatazama. Babu zetu waliuchuma mkonge ule kwa taabu tusiyoweza kuisimulia yote leo. Ukatoka hapa marobota kwa marobota ukaenda kuwa kamba na magunia ya watu wengine. Na leo kijana aliyezaliwa katikati ya mkonge ananiambia hana kitu cha kufanyia kazi?

Namjua kijana mmoja wa Muheza, sitamtaja, yumo humu na ni mtu wa haya. Aliomba zile nyuzi fupi ambazo hubaki baada ya katani, yaani nyuzi za mkonge, kuchambuliwa. Akazichanganya na gundi, akazikandika juu ya puto, zilipokauka akalitoboa puto. Akapata kifuniko cha taa. Ukiiwasha usiku, ukuta mzima unajaa vivuli kama vya matawi. Nilimuuliza, "Ulianzaje?" Akasema alikuwa anamtazama dume wa mnana, yule ndege mfumaji, akifuma kiota. Hakusema zaidi. Mnana nao wamejaa mtaani kwetu wanatupigia kelele tangu asubuhi.

Na kuna mtu mwingine aliyepita kwenye mkonge huu. Katika miaka ya 1950 kijana mmoja wa Tunduru alikuja Tanga kutafuta kibarua mashambani, kama maelfu ya wenzake, kisha akahamia Dar es Salaam, akafanya kazi hii na ile. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai. Hakuwa na rangi za wasanii. Alichukua ubao wa dari, ule unaokatwa mraba wa kama futi mbili kwa mbili, na rangi ya kupakia baiskeli. Jina lake Edward Saidi Tingatinga.

Mafundi rangi mliomo humu mnaijua rangi ya baiskeli. Inang'aa, inateleza, haikubali kuchanganywa taratibu kama maji ya mvua kwenye udongo. Ukilazimisha, inachafuka. Basi yeye hakuilazimisha. Alipaka nyuma rangi moja, akaiacha ikauke. Akaweka mnyama mmoja mkubwa, chui au twiga au ndege. Akaiacha ikauke. Kisha madoa, kisha mistari, kila rangi imesimama peke yake imenyooka. Watu wakiona wanasema, "Alibuni mtindo!" Ni kweli alibuni. Lakini mimi nikizitazama zile picha namwona mtu aliyeisikiliza rangi inataka nini. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu ya kuchora! Aliacha wanafunzi wachache, wengi wao ndugu na watu wa kwao, na leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Angesubiri turubai, tungekuwa na nini?

Lamu nao wametuonyesha juzi juzi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watoto wa kisiwa cha Kiwayu walikuwa wanaokota ndala zinazotupwa na bahari na kuchonga vitu vya kuchezea. Watoto! Watu wazima tulikuwa tunazikanyaga tukiita takataka. Miaka ikapita, na Septemba 2018 kikaingia majini chombo chenye urefu wa kama mita tisa, kimeundwa kwa kama tani 10 za plastiki iliyookotwa, na ubavu wake umevikwa ndala zipatazo 30,000. Kinaitwa Flipflopi, na fundi wake mkuu ni Ali Skanda wa Lamu. Mwaka uliofuata kikasafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar.

Kitu kimoja kinanivutia sana hapo. Hawakubuni chombo kigeni. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, upo, mataruma, zile mbavu zake, yapo, mbao za ubavuni zipo, umbo ni lile lile la mababu wa Lamu. Walikuwa wakiikata plastiki na kuichonga kama wanavyochonga mbao. Ujuzi ulikuwa wa zamani, kitu cha kuchonga ndicho kilichokuwa kipya. Bibi yangu yeye alikuwa na ukindu ule ule na mkeka ule ule, ila rangi ikaisha. Mnaona? Badilisha kitu kimoja tu, vingine viache mahali pake. Vijana wengi mnaniletea kazi mliyobadilisha vitu saba kwa mpigo, na mkono unashindwa kujua ushike wapi.

Nijibu sasa lile la "nifanyeje kesho asubuhi", maana mama mmoja alinishika mkono getini akaniambia, Shangazi, usituachie maneno matupu.

Mimi nina daftari la shule, la kurasa arobaini na nane. Si la gharama. Kila siku natoka kwa miguu, sina ninakokwenda, nachora kitu kimoja na kuandika neno moja nililolisikia. Kitu kimoja, neno moja. Kuna siku nachora kigae kilichovunjika na neno ni "pole pole". Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Maneno msiyadharau, hasa mnaochora nguo. Kanga ina mji, yaani sehemu ya katikati, ina pindo, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, na mwanamke huweza kuiacha kanga nzuri dukani kwa sababu jina halimhusu, akabeba isiyopendeza kwa sababu jina limemsemea. Sikilizeni foleni ya maji. Sikilizeni kwenye daladala. Huko ndiko majina yaliko.

Simu siwakatazi. Lakini iwe ya mwisho kushikwa, baada ya macho na mikono.

Na mkikwama, maana mtakwama, mimi hukwama mara kwa mara, msikae mkingoja. Shika malighafi hata kama huna wazo. Nasuka ukili mtupu, pima mbili, pima tatu (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), wala sijui utakuwa nini. Mara nyingi ni kwenye pima ya pili vidole vinapoanza kuniambia. Na visiponiambia, nina ukili wa pima tatu, utashonwa kwenye jamvi.

Nimekaa sana hapa, wazee watanisamehe. Mkeka wa bibi nauacha hapa mbele, si wa kutazamwa kwa mbali. Vueni viatu, ukalieni, uguseni, mtafute lile dirisha kwa vidole huku mmefumba macho, maana pale ukindu usiopikwa rangi una ugumu wake. Beseni lililoko mlangoni lina ukindu niliouloweka tangu alfajiri, umeshalainika. Rangi nimeleta moja tu, tena kidogo. Haitatutosha wote.